Wapenda Katuni Wasichekwe

Yapo mambo ambayo jamii huyacheka kwa sababu haijayatazama kwa makini. Mojawapo ni safari ya kijana anayefunga mzigo wake Newala au Masasi, akapanda basi alfajiri, akasafiri mchana kutwa hadi Dar es Salaam, na pengine akaendelea hadi Nairobi, ili ahudhurie mkutano wa Jumamosi na Jumapili wa wapenzi wa katuni na hadithi za picha. Haendi kuuza korosho, haendi hospitali, wala haendi mazikoni. Anakwenda kutazama michoro, kununua vitabu, kuwaona wachoraji kwa macho yake na kuzungumza na wenziwe wanaopenda alipendalo yeye. Wapo wasemao kwamba huo ni upuuzi mtupu. Sisi hatukubaliani nao, na tunapenda kueleza sababu.

Mikutano ya namna hiyo si jambo la jana. Ule wa San Diego, Marekani, ulianza mwaka 1970. Wa Angoulême, Ufaransa, mwaka 1974. Na wa Tokyo, Japani, mwaka 1975. Katika bara letu, Algiers ilianzisha wake mwaka 2008 na Johannesburg mwaka 2018. Jirani zetu wa Nairobi nao walianzisha wao katika miaka ya 2010, nao hujulikana kwa kifupi kama NAICCON. Wachoraji hupanga kazi zao mezani, wachapaji hutafuta vipaji vipya, na vijana wengi huja wamevaa mavazi ya wahusika wawapendao.

Ni hapo kwenye mavazi ndipo wacheshi wetu hucheka zaidi. Mtu mwenye akili timamu, wanauliza, ajivike sura isiyo yake kwa sababu gani? Swali hilo linashangaza likitoka katika kinywa cha mtu wa Newala. Wazee wetu wa Kimakonde walichonga vinyago vya kuvaa, wakacheza midimu, na watu wakatembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji kwenda kuitazama. Mchezaji alijificha ndani ya sura ya mtu mwingine, akawachekesha watu na kuwaonya. Hakuna aliyewaita watazamaji wale wapuuzi. Kumbe kusafiri kwa ajili ya sura na hadithi ni desturi ya uwanda huu; kilichobadilika ni chombo cha safari na urefu wa njia.

Wengine husema kwamba katuni ni mchezo wa watoto. Hao wamesahau historia ya magazeti ya nchi hii. Katika miaka ya 1960, gazeti la Uhuru, lililokuwa sauti ya TANU, lilimpa nafasi mchoraji Christian Gregory, naye akatuletea Chakubanga. Miongoni mwa waliokuwa wakiliongoza gazeti hilo katika miaka hiyo alikuwamo Ndugu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyekuwa mhariri wake mtendaji tangu mwaka 1966 na baadaye akawa Rais wa nchi. Basi Chama chenyewe, kikiwa na kazi nzito ya kueleza siasa ya Ujamaa, hakikuidharau picha yenye kuchekesha. Kilijua kwamba mwananchi aliyeanza kusoma ukubwani huvutwa na picha kwanza, kisha huyafuata maneno yaliyo chini yake. Katika miaka ya 1980 jarida la Sani, pamoja na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe, lilipita mkono kwa mkono, na wengi walizoea kusoma Kiswahili kwa raha kupitia kurasa zake.

Wapo pia wenye shaka ya dini kuhusu kuchora viumbe. Shaka hiyo tunaiheshimu, na kila mtu ana masheikh wake wa kuwauliza. Lakini wengi wanaoicheka safari hii hawatoi hoja ya dini. Hoja yao ni kwamba kazi isiyoshika jembe si kazi. Hoja hiyo haina nguvu.

Mfano ulio karibu nasi ni wa marehemu George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 katika Wilaya ya Masasi, akajifunza uchongaji wa Kimakonde, na katika miaka ya 1970 akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo yaliyofura, yanayocheka na kugombana, yangeweza kuingia katika kitabu chochote cha hadithi za picha. Kazi zake zilioneshwa Ulaya, Marekani na Japani kabla hajafariki mwaka 2005. Lakini ni watoto wangapi wa shule za Masasi leo wanaolijua jina lake? Mchoraji wetu alilazimika kwenda mbali ili aonekane, na alipoonekana, sisi wa nyumbani hatukuwa tukitazama.

Hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Safari yenyewe imekuwa nyepesi kuliko zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Mto Rufiji mwaka 2003, msafiri wa kusini alisubiri kivuko, na masika yakikaza alikwama njiani. Hata hivyo, anayekwenda Nairobi bado hutumia si chini ya siku nne barabarani, kwenda na kurudi, kwa ajili ya mkutano wa siku mbili. Nauli hiyo ni fedha ya korosho, na mara nyingi ni jasho la wazazi. Kwa hiyo tunawaambia vijana nao: msichukue fedha ya nyumbani bila ruhusa, na mkienda, msirudi na picha za kujionesha tu. Rudini na vitabu, na maarifa ya kalamu na wino, mkawafundishe waliobaki.

Kwa upande wa viongozi, tunatoa rai. Halmashauri za Masasi na Newala ziandae mkutano wao wenyewe wa wachoraji na wapenzi wa katuni, siku mbili tu, baada ya minada ya korosho kumalizika. Hatuombi jengo jipya wala kamati yenye posho. Ukumbi wa shule unatosha, pamoja na meza, karatasi na penseli. Waalikwe wachora katuni wa magazeti, wachongaji wa vinyago na wazee wa midimu, waketi pamoja na wanafunzi. Kiingilio kisiwepo, ili mtoto wa mkulima asiachwe mlangoni.

Vipaji havijakosekana katika uwanda huu. Kinachokosekana ni mahali pa kuvionesha bila kupanda basi. Viongozi wakilitimiza hilo, kijana wa Newala ataendelea kusafiri akipenda, lakini hatasafiri kwa kuwa nyumbani hakuna anayetaka kuitazama kazi yake.