Kima cha Chini cha Mshahara: Nani Hukipanga?

Kila tarehe 1 Mei, siku ya Leba Dei, redio zote huwa ni hotuba tu. Wafanyakazi husubiri neno moja: asilimia. Likitajwa, makofi na vigelegele. Lisipotajwa, watu hurudi nyumbani wakinung'unika. Lakini je, asilimia hiyo hutoka wapi, na huwa sheria lini?

Mimi nililifuatilia jambo hili kwa sababu ya mama mmoja jirani yetu ambaye ni yaya. Tarehe 1 Mei 2024, Rais William Ruto alitangaza nyongeza ya asilimia 6 kwa kima cha chini. Mwisho wa mwezi mama huyo akamwuliza tajiri wake kwa adabu kama na yeye ataongezwa. Akajibiwa, "Kwani Rais ndiye anayekulipa?" Jibu chungu hilo. Lakini ajabu ni kwamba, mwezi huo wa Mei, sheria ilikuwa bado haijambana tajiri yule. Hotuba si sheria, hata ikisomwa na Rais mwenyewe.

Sheria yenyewe ni ile ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007. Inampa Waziri wa Leba uwezo wa kuunda mabaraza ya mishahara, na yaliyo makubwa ni mawili: moja la kilimo na jingine la kazi za jumla. Ndani ya baraza huketi wawakilishi wa wafanyakazi, wawakilishi wa waajiri, na watu wasiozidi watatu ambao hawako upande wowote. COTU husemea wafanyakazi, FKE husemea waajiri. Si ajabu basi kwamba kikao huwa ni vuta nikuvute! Sheria inawataka waangalie mahitaji ya mfanyakazi pamoja na jamaa yake, gharama ya maisha, uwezo wa mwajiri kuendelea na biashara yake, na hatari ya watu kukosa kazi. Baada ya hapo baraza humshauri Waziri, naye hutoa amri. Amri ikishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, hapo sasa imekuwa sheria. Ile asilimia 6 ya Mei ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2024. Hesabu mwenyewe: miezi sita mizima.

Na usidhani nyongeza huja kila mwaka kama Krismasi. Ilitolewa ya asilimia 18 mwaka 2017, ya asilimia 5 mwaka 2018, kisha kimya hadi 2022 ilipotoka ya asilimia 12. Miaka minne hiyo unga haukusubiri, wala nauli. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kasoro kubwa. Lau sheria ingetaja kwamba kima lazima kipitiwe upya kila baada ya muda fulani, watu hawangekaa wakitegemea tu moyo wa kiongozi siku ya sherehe.

Asilimia nayo inaweza kumdanganya mtu. Kibarua wa Nairobi, na katika kundi lake wamo pia yaya, mfagiaji, mtunza bustani na bawabu wa mchana, kima chake kilikuwa shilingi 15,201.65. Kwa amri ya 2024 kikawa shilingi 16,113.75. Nyongeza ni shilingi 912.10 kwa mwezi, yaani kama shilingi 30 kwa siku. Juu yake kuna marupurupu ya nyumba, asilimia 15 ya mshahara, ikiwa mwajiri hakukupa mahali pa kulala. Hizo ni shilingi 2,417 hivi, na wengi hawajui kabisa kwamba ni haki yao.

Tena si nchi nzima inayolipwa sawa. Amri imeigawa Kenya mafungu matatu: miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu; zilizokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru; halafu "sehemu nyingine zote". Manispaa hizo za zamani zilizikwa kaunti zilipoanza mwaka 2013, lakini mipaka yake bado inaamua mshahara wa mtu! Katika fungu la pili kibarua yule yule alipangiwa shilingi 14,866.90. Katika fungu la tatu alipangiwa chini kidogo ya shilingi 8,600, karibu nusu ya mwenzake wa Nairobi. Mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi hakufika hata shilingi 8,000.

Ati mashambani maisha ni rahisi. Hebu tukumbuke kidogo historia. Enzi za mkoloni mshahara wa chini wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke, eti familia yake itajilisha kwa shamba kule nyumbani. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter iliukosoa mshahara huo wa kapera, ikapendekeza kima cha mtu mwenye mke na watoto. Mimi nikitazama lile fungu la tatu bado nasikia harufu ya wazo lile la shamba, na kumbe siku hizi walio wengi huko hununua sukari kwa bei ile ile, na shamba lenyewe hawana.

Turudi kwa yaya wetu. Novemba ilifika na mshahara wake haukubadilika. Sasa tajiri hakuwa tena na pa kujificha. Kumlipa mtu chini ya kima ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au yote mawili. Hata kama mfanyakazi alikubali kwa mdomo wake kulipwa kidogo, makubaliano hayo hayana nguvu mbele ya amri. Anaweza kwenda kwa afisa wa leba akashtaki. Mama huyo aliogopa kwenda kwa kuwa hana karatasi yoyote ya kuajiriwa. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi, na kesi ikifika kortini bila karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana humwangukia mwajiri, si yaya.