Kisangani: samaki wa bwawa hukua kwa saa na kipimo

Kisangani inajulikana kwa wavuvi Wagenya wa mto Congo, lakini wengine mjini humo, jimboni Tshopo, wanafuga tilapia katika mabwawa. Gharama yao kubwa ni chakula.

Kumwaga pumba nyingi za mchele mara moja kwa siku ni hasara. Kinachobaki kinaoza na kumaliza oksijeni. Alfajiri samaki wanapanda juu kutafuta hewa.

Watoto wa samaki walishwe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, chakula chenye protini nyingi kama kumbikumbi au mashudu ya karanga. Wakubwa hulishwa asubuhi maji yakishapata joto, tena alasiri: kilo 2 hadi 3 kwa kila kilo 100 za samaki. Wakiacha kula, acha kutupa.