Karafuu, Koleo na Mzizi wa Jino

Jino bovu hupenda kuuma usiku, na hakuna aliyekuroga. Katikati ya kila jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kimezungukwa pande zote na ukuta mgumu. Kidole kikipata jeraha huvimba kikatanuka. Kiini cha jino hakina pa kutanukia. Ukilala, damu huelekea kichwani kwa wingi, shinikizo ndani ya jino hupanda, na saa nane za usiku mtu anajikuta amekaa kitako kitandani, shavu mkononi, akiuliza kama jikoni kuna karafuu.

Mara nyingi zipo, na kweli zinasaidia. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kemikali inayotia ganzi kwa muda na kuua baadhi ya vijidudu inavyovigusa. Sisi wa meno tumeitumia kwa zaidi ya karne moja. Mafuta tunayokorogea unga mweupe wa zinki ili kuziba jino kwa muda ni eujenoli hiyo hiyo, ndiyo maana kliniki nyingi za meno zinanuka kama ghala la Pemba msimu wa mavuno. Kwa hiyo simcheki mgonjwa anayeingia na punje ya karafuu imebanwa kwenye gego. Ninachomwonya ni kwamba mafuta makali huunguza fizi, na mtoto akiyameza yanaweza kumdhuru ini. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hayana hata hatari hiyo, sukutua upendavyo.

Mengine siwezi kuyanyamazia. Kidonge cha aspirini kikibanwa kati ya shavu na fizi huacha kidonda cheupe cha kuungua; aspirini hufanya kazi ikimezwa. Kitunguu saumu kilichopondwa nacho huunguza kikikaa muda mrefu. Maji ya betri ni tindikali tupu: hayachagui kati ya nyama iliyooza na nyama nzima. Na mdudu anayesemwa hukaa ndani ya jino akilila hayupo. Imani hiyo ni kongwe, ilikuwapo Babeli, na Ulaya ya zamani waganga walifukiza mbegu ili wamtoe. Vijinyuzi vyeupe walivyowaonyesha wagonjwa kwenye bakuli la maji vilikuwa viini vya mbegu zenyewe, vimechomoza kwa joto.

Wanaolila jino ni bakteria. Wanageuza sukari kuwa tindikali, tindikali inatoboa ganda la nje, kisha dentini, mpaka siku moja wanafika kwenye kiini. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa magego ya panya mpaka kwenye kiini na kuyaacha wazi. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa na majipu yakatokea. Kundi jingine lilikuwa la panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Matundu yao yalijaa chakula vile vile, lakini viini vilibaki hai na vikaanza kujijengea ukuta mpya wa dentini. Tundu lilikuwa lile lile na uchafu ule ule. Tofauti ilikuwa bakteria tu.

Kabla ya kiini kufa kuna muda ambao jino bado linaokolewa kwa kuzibwa tu. Maji baridi yakikuchoma kwa sekunde chache kisha maumivu yakaondoka, nenda mapema, huenda kazi ni ndogo. Maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya kumeza chai, au yakianza yenyewe bila kuguswa na kitu, kiini kwa kawaida kimeshapita hatua ya kurudi.

Kisha huja siku ambayo watu huielewa vibaya kuliko zote: jino linaacha kuuma. Mgonjwa aliyekuwa akisukutua majani fulani anayasifia majani hayo kwa majirani, aliyemeza vidonge anavisifia vidonge. Kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa, na mshipa wa fahamu uliokufa haupeleki habari. Bakteria sasa wana nyumba isiyo na mlinzi. Damu haiingii tena ndani ya jino, kwa hiyo askari wa mwili hawafiki, na dawa inayosafiri na damu haifiki pia. Wamejibandika kwenye kuta za mfereji wa mzizi kwa tabaka zito kama ukoga, na kupitia tundu la nchani mwa mzizi, dogo kuliko kichwa cha pini, wanaanza kula mfupa wa taya. Baada ya miezi, pengine miaka, pele hutokea kwenye fizi, hutoa usaha wa chumvichumvi, hukauka, hurudi. Kupaka dawa juu ya pele hilo ni kufagia baraza huku panya wamejaa darini.

Hilo linahusu pia dawa za hospitali, na hapa nawalaumu wenzangu pamoja na maduka ya dawa. Amoksilini na metronidazoli zimekuwa dawa ya jino kwa mazoea: mtu anataja jino tu, vidonge vinahesabiwa. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili, maumivu ya kiini na majipu mengi ya mzizi hayahitaji antibiotiki iwapo jino lenyewe linaweza kutibiwa. Antibiotiki ni za pale ambapo uambukizo umeanza kutembea: homa, uvimbe unaoenea, mwili mzima kuugua. Hata hapo zinasaidia tu. Chanzo bado kipo ndani ya jino. Kwa maumivu ya usiku, ibuprofeni pamoja na paracetamol, kwa vipimo vilivyoandikwa, hushinda dawa nyingi za bei kubwa. Mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo, na mjamzito, waiache ibuprofeni mpaka wamuulize daktari.

Uvimbe chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi unaosukumwa juu, mate yasiyomezeka, pumzi inayobana: hapo usingoje kupambazuke. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na chanzo chake cha kawaida mpaka leo ni gego la chini lililooza. Unaziba njia ya hewa. Mwenye kisukari yuko hatarini zaidi.

Basi tiba ya mzizi inafanya nini ambacho karafuu haiwezi? Inaingia ndani. Kwanza ganzi, kisha kipande cha mpira mwembamba kinatandazwa kuzunguka jino ili mate yasiingie na dawa isimwagike kooni. Kliniki inayoruka hatua hii inakupunja, hata kama bei yake ni nzuri. Jino linatobolewa kutoka juu, na kama kiini kimeoza, harufu inatangulia kabla jicho halijaona kitu. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu. La juu lina mizizi mitatu na mara nyingi mifereji minne, na huo wa nne umewatoa jasho madaktari wengi, kwa kuwa mfereji mmoja ukisahaulika ugonjwa unarudi.

Ndani ya kila mfereji tunaingiza faili, sindano ya chuma yenye makali ya kuzunguka. Zile tunazoanza nazo zina ncha ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye kila faili kuna kijipete cha mpira kinachoonyesha urefu, kwa sababu kupitiliza milimita mbili nje ya mzizi kunaumiza na kuishia milimita tatu ndani kunawaachia bakteria makazi. Picha ya eksirei ndiyo inayotuambia tumefika wapi. Faili peke yake haitoshi, maana mifereji ina vichochoro isivyovifikia; tunasukutua kwa hipokloraiti ya sodiamu, kemikali ile ile ya kung'arishia nguo, ambayo huyeyusha nyama iliyokufa. Ikihitajika siku nyingine, tunaacha ndani hidroksidi ya kalsiamu, ambayo kikemia ni chokaa ya tambuu iliyotengenezwa kwa usafi wa hospitali. Mwisho mifereji inajazwa gutaperka, utomvu wa miti ya Malaya ambao karne ya 19 ulitumika kukinga nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari. Kwa anayetiwa ganzi vizuri, shida kubwa ya shughuli nzima ni kuchoka taya.

Siku hizi mgonjwa anakuja ameshasikia kwenye simu kwamba jino lililozibwa mzizi ni maiti linalotia sumu mwilini na kuleta saratani. Chanzo cha hofu hiyo ni cha zamani. Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland, alichapisha mwaka 1923 majaribio ambamo alipandikiza meno yaliyong'olewa chini ya ngozi za sungura, na sungura wakaugua. Price alikuwa mtu makini katika mengine. Mwaka 1935 alisafiri Afrika Mashariki, akakagua vinywa vya Wamasai waliokuwa wakiishi kwa maziwa, nyama na damu, na akaandika kwamba meno yao yalioza kwa nadra sana. Lakini yale ya sungura yalikuwa na kasoro: meno yalibeba bakteria wengi kupita kiasi, na ulinganisho wa haki haukuwapo. Wengine waliporudia kwa uangalifu hawakupata alichopata. Kabla hilo halijajulikana, watu wengi Marekani na Uingereza walikuwa wameshang'olewa meno yaliyoweza kubaki, wakitarajia kupona baridi yabisi. Hawakupona. Filamu moja iliyofufua madai hayo iliondolewa Netflix mapema mwaka 2019 baada ya malalamiko ya vyama vya madaktari wa meno.

Huku kwetu, hata hivyo, mshindani wa tiba ya mzizi si filamu wala mizizi ya porini. Ni koleo. Mitishamba inamchelewesha mtu kwa miezi, na akifika kwetu jino limebaki kisiki, kwa hiyo linang'olewa. Wala kung'oa si aibu. Kunaondoa chanzo cha uambukizo papo hapo, kunapatikana wilayani, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kutibu mzizi. Jino lililopasuka mpaka kwenye mzizi, lililovunjika chini ya fizi, au linalocheza kwa sababu mfupa umelika, ningeling'oa hata kama pesa zingekuwapo. Gego la mwisho kabisa vilevile halistahili kila mara kugombaniwa.

Ninachopinga ni kung'oa bila kumwambia mgonjwa gharama inayofuata. Meno ya jirani huanza kuinama kuelekea pengo, na lile la taya ya pili linalokosa mwenza hushuka. Waliosema jino la pembe si dawa ya pengo walisema kabla ya meno ya plastiki, daraja na vipandikizi, na bado wako sahihi, kwani hakuna kati ya hivyo kinachotafuna kama mzizi wako mwenyewe, na kizuri kati yao kinagharimu kuliko tiba ya mzizi uliyoikwepa.

Tiba hiyo nayo ina udhaifu wake, na haupo pale watu wanapouogopa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulifuatilia zaidi ya meno milioni 1.4 ya wateja wa bima yaliyotibiwa mizizi. Baada ya miaka minane, asilimia 97 yalikuwa bado kinywani. Yaliyong'olewa yalipochunguzwa, asilimia 85 hayakuwa yamevishwa kofia. Gego lililotobolewa na kuchimbwa limepoteza mbao nyingi za paa lake. Bila kofia ya chuma au ya kauri, hupasuka kwa punje ya mahindi ya kuchoma. Wagonjwa wengi hawarudi kwa hatua hiyo kwa sababu maumivu yameisha na fedha zimeisha, na baadhi yetu hatuitaji bei yake mpaka mwisho. Kabla hujafungua mdomo siku ya kwanza, omba bei ya mzizi na ya kofia pamoja, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi moja.