Umeshinda mnada wa dhahabu mtandaoni na hujalipa: je, unaweza kuuvunja ununuzi?



Tangu Machi 2019 lilipofunguliwa soko la dhahabu Geita, na kisha Kahama mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo huuza dhahabu ghafi sokoni humo, mbele ya mizani na maofisa. Hiyo haiuzwi kiholela kwenye simu. Lakini mikufu, pete na bangili hupigwa mnada mtandaoni, na wanunuzi wengine ni ndugu zetu wa visiwani.

Tuchukue mfano. Baba aliyeko Pemba anamtafutia binti yake mkufu wa harusi kutoka Kahama. Anapandisha bei, anashinda, anaambiwa alipe ndani ya siku tatu. Siku ya pili anaona fedha hazitoshi. Afanye nini?

Kwanza, tutazame kilichonunuliwa. Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) amefundisha kuwa dhahabu na fedha hubadilishwa mkono kwa mkono, na wanazuoni wengi wa zama hizi wamezipa noti hukumu hiyo hiyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah mwezi Machi 1990, lilikubali mikataba ya kutumia vyombo vya mawasiliano, lakini likatoa nje ubadilishanaji wa fedha kwa sababu ya sharti hili la kukabidhiana papo hapo. Basi kwa kauli hiyo, mkufu usiolipiwa haujauzwa kisheria. Baba huyo hana deni la mkufu, na kama alitoa arabuni, arejeshewe. Wapo wanazuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, waliolegeza katika vito vilivyofuliwa, ila kujitenga na shubha ni salama zaidi.

Pili, kama ni simu, cherehani au pikipiki, hukumu ni nyengine. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, kila mmoja ana hiari hadi waachane katika kikao cha mauzo. Wakishaachana, mauzo yamefungika hata kama hakuna senti iliyolipwa. Mnunuzi hawezi kukaa kimya tu mpaka muuzaji achoke. Amwombe iqala, yaani wavunje mauzo kwa ridhaa. Muuzaji anayekubali ameahidiwa katika Hadithi kwamba Allah atamsamehe makosa yake. Na kwa Mashafi iqala huwa kwa bei ile ile, hivyo muuzaji asidai faini ya kukubali.

Tatu, anayepandisha bei bila nia ya kununua, ili tu wengine walipe zaidi, ameingia katika najash, nayo imekatazwa.

Njia nyepesi kwa anayetaka dhahabu ya bara ni hii: mnada uwe ahadi tu, si mauzo. Kisha mteue wakala mwaminifu aliyeko Kahama au Geita. Akiushika mkufu na kuukagua, wafunge mauzo hapo hapo na fedha ziingie kwa muuzaji kabla hawajaachana, taslimu au kwa simu. Ikiwa fedha hazijatimia, mwambieni muuzaji mapema, asije akamkosa mteja mwengine kwa ajili yenu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.