Mfarishi wa "Mgeni Njoo"

Sogeeni, wajukuu zangu, ila asiyenawa mikono asiguse kitambaa.

Gunia lile chini ya kitanda changu mlidhani lina mahindi. Lina vitambaa. Vingine nimeviomba kwa mafundi cherehani hapa sokoni Mpanda, maana jioni wanafagia mabaki ya vitenge kama maganda ya karanga. Vingine ni vya humu humu ndani. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu Katavi una baridi, na mdogo wenu alizaliwa kipindi hicho hicho. Nikasema nimshonee mfarishi, yaani shuka nene la viraka lenye bitana chini.

Najua neno kiraka hamlipendi. Mwenye kiraka kwenye kaptula anachekwa shuleni. Sasa nisikilizeni: kanga hizi tunazojifunga zilianza kwa kuungwa. Katika karne ya 19, wanawake wa Pwani walinunua leso, vitambaa vya mraba vilivyokuja na Wareno. Hata neno leso tumelitoa kwao. Waliunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Wenye maduka walipoona linapendeza ndipo wakaanza kuleta kitambaa kizima kilichochapwa. Mcheka kiraka na aicheke kanga ya mama yake, tuone kama atakula leo!

Kazi yenyewe inataka hesabu. Kata kadibodi ya mraba, sentimita 15 kila upande, uichore kwa chaki juu ya kila kitambaa. Mshono unakula sentimita moja kila upande, kwa hiyo kinachobaki kuonekana ni 13. Nikiunga vipande 8 kwa upana na 10 kwa urefu, napata sentimita 104 kwa 130. Mara ya kwanza nilikata kadibodi ya 13, nikausahau mshono. Ukatoka mfarishi wa 88 kwa 110, na mama yenu, enzi hizo akiwa na miaka mitano, akalala miguu nje. Alilia. Nami nilitaka kulia.

Kitenge kipya kifueni kwanza, kisije kikachuja rangi kwenye vingine au kikasinyaa baada ya kushonwa. Halafu unga safu moja moja, piga pasi, ndipo uunganishe safu kwa safu. Bitana ipigwe bandi kabla ya kuipeleka kwenye cherehani, la sivyo inateleza.

Kile kipande cha buluu kizito ni ovaroli la babu yenu, aliyekuwa kibarua wa reli. Reli hii ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi. Ovaroli ni gumu na kanga ni laini. Ukivishona bega kwa bega, kigumu kinakivuta chepesi mpaka kinachanika. Kwa hiyo kila kipande cha kanga nilikiwekea kitambaa kingine kwa nyuma, vikashonwa pamoja kama kimoja.

Na hapa kwenye kona, someni. Kanga yangu kuukuu ilikuwa na jina "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mkasi ukapita katikati, mkononi nikabaki na "Mgeni njoo" peke yake. Nilitaka kukitupa. Kisha nikamtazama yule mchanga amelala, hana hata wiki mbili duniani, nikaona kipande kimepata mwenyewe. Nimekiweka upande wa kichwani.

Zimebaki safu mbili. Kesho kila mmoja aniletee kipande cha nguo yake iliyombana, kimefuliwa na kimekauka. Soksi sitaki.