Kuuza Chombo au Kuuza Kazi ya Chombo: Istilahi za Biashara ya Kidijitali Viwandani

Kwa muda mrefu shughuli za kiwanda zimeelezwa katika Kiswahili kwa vitenzi viwili visivyo na utata: kutengeneza na kuuza. Kiwanda hutengeneza bidhaa, bidhaa huuzwa, na mnunuzi akishalipa huwa ndiye mwenye mali. Siku hizi mambo hayaishii hapo. Viwanda vingi duniani, na makampuni kadhaa katika Afrika Mashariki, haviuzi tena chombo chenyewe bali kazi itendwayo na chombo hicho. Na kompyuta pamoja na simu ndizo zinazohesabu kazi hiyo na kudai malipo yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza mabadiliko hayo, kuyapima maneno ambayo yamekwisha kuanza kutumika, na kupendekeza istilahi chache. Shabaha yetu si kuipamba lugha. Mtu atiaye sahihi mkataba, au abonyezaye namba ya kukubali katika simu yake, anastahili kujua kwa lugha aielewayo kama amenunua, amekodi au amekopa.

Jambo lijulikanalo

Yafaa tuanze na lililo karibu. Tuchukue Igowole, kata iliyomo katika wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kwenye njia itokayo Nyololo kwenda Kibao. Hii ni nchi ya chai, mbao na mahindi. Mkulima wa huko apelekapo mahindi kwenye mashine hanunui mashine, wala hanunui unga. Mahindi ni yake tangu mwanzo na unga ni wake hadi mwisho. Anacholipia ni kusagiwa, na malipo hupimwa kwa debe au kwa kilo. Kadhalika mwenye shamba la miti anaweza kumwita mwenye mashine ya kuchania mbao, akamlipa kwa kadiri ya mbao zilizopatikana. Mashine hubaki mali ya mwenyewe, na kinachouzwa ni kazi yake.

Wanasarufi watatambua kwamba Kiswahili kina umbo maalumu la kutaja biashara ya namna hii. Mkulima hasemi kwamba anakwenda kusaga, bali kusagisha. Mwenye mpunga hukobolesha, mwenye kitambaa hushonesha. Kiambishi kile kile cha kusababisha ambacho katika maneno mengine humaanisha kumfanya mtu atende jambo, hapa humaanisha kununua utendaji. Hivyo basi wazo la kuuza kazi ya chombo badala ya chombo si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Ugeni umo katika kipimo, na katika umbali uliopo kati ya mwenye chombo na mtumiaji.

Jinsi viwanda vilivyobadilika

Mwaka 1959 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa mashine ya kunakili iitwayo 914. Bei yake ilikuwa kubwa kupita uwezo wa ofisi nyingi, kwa hiyo kampuni iliamua kuikodisha kwa dola 95 kwa mwezi. Nakala 2,000 za kwanza zilikuwa ndani ya malipo hayo, na kila nakala iliyozidi ililipiwa senti chache. Mwaka 1962 kampuni ya Bristol Siddeley ya Uingereza ilianza kutoza wenye ndege malipo maalumu kwa kila saa ambayo injini ya Viper iliruka, nayo ikachukua jukumu la matengenezo. Utaratibu huo uliendelezwa na Rolls-Royce, iliyoinunua kampuni hiyo mwaka 1966. Mwaka 1988 wataalamu wawili, Sandra Vandermerwe na Juan Rada, waliandika makala iliyoyapa mabadiliko haya jina la Kiingereza ambalo hadi leo latumika vyuoni.

Msomaji ataona kuwa mifano hiyo ilitangulia mambo ya intaneti. Wakati ule kipimo kilifungwa katika mashine, na mtu alilazimika kwenda kukisoma. Mbinu za kidijitali zimeongeza mambo mawili. Kwanza, kipimo chaweza kusema kikiwa mbali: vihisi vilivyomo ndani ya mashine hupeleka habari za joto, mwendo na saa za kazi kwa mtengenezaji. Pili, mashine yaweza kutii amri itokayo mbali, ikafunguliwa mteja alipapo na kufungwa asipolipa. Tuseme kiwanda cha chai kimewekewa kikaushio kwa mkataba wa aina hii. Mtengenezaji atalipwa kwa kila kilo ya chai iliyokauka, ataona mapema kwamba fani yachakaa na ataleta nyingine kabla kazi haijasimama. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini huyo huyo ndiye ashikaye kufuli, na majani mabichi yakishachumwa hayangoji watu wamalize kujadiliana.

Neno lililoota mizizi

Katika Tanzania mfano ujulikanao kuliko yote ni LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, utaratibu wa Shirika la Umeme ulioenea tangu miaka ya 1990. Mteja hulipa kwanza, hupewa namba yenye tarakimu 20, huiingiza katika mita na umeme huwaka. Kifupisho hicho kimekwisha kuwa nomino kamili: watu hununua luku, luku huisha, na jirani huomba kuazimwa luku. Hatuna habari ya darasa lililofunza neno hilo. Lilienea kwa sababu sentensi iliyolizaa ilieleza mkataba wote kwa maneno manne: tendo, kitu, kipimo na mtumiaji. Hiki ndicho kigezo tunachopenda kukitumia katika kupima istilahi nyingine.

Hata hivyo LUKU yatufunza pia hatari iliyopo. Mwezi Agosti 2021 Serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme huo. Kodi ya jengo ni wajibu wa mwenye jengo, lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji. Palizuka malalamiko mengi, na wapangaji wakaelezwa kwamba wapatane na wenye nyumba. Mita haitofautishi mmiliki na mtumiaji. Lugha ndiyo inayowatofautisha. Maneno haya mawili yakichanganywa katika mkataba, fedha hutoka katika mfuko usiostahili.

Kukopa, kukodi na kununua

Utata mkubwa zaidi umo katika kitenzi kukopa. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza vifaa vya umeme wa jua nchini Kenya mwaka 2012. Mteja alitoa malipo ya awali, kisha hapo mwanzo alilipa shilingi 40 za Kenya kwa siku kwa njia ya simu. Siku asipolipa taa hazikuwaka. Alipomaliza malipo yote kifaa kilikuwa chake. Huu ni mkopo, na jina lasema kweli. Katika jiji la Dar es Salaam kampuni ya KopaGas ilifunga mita katika mitungi ya gesi ya kupikia, ili mteja anunue gesi kidogo kidogo kwa simu. Hapa gesi ililipiwa kabla ya kupikwa, hivyo mteja hakuwa na deni la gesi, wala malipo yake hayakuwa ya kuununua mtungi. Kiini cha majina yote mawili ni -kopa, lakini mikataba yake hailingani. Nayo kampuni ya Off Grid Electric, iliyoanzia Arusha, ilianza kwa kuuza mwanga kama huduma, vifaa vikibaki mali ya kampuni.

Kwa hiyo mkazi wa Igowole aliyewekewa taa kwa malipo ya kila siku anaweza kuwa katika hali moja kati ya tatu. Yawezekana amenunua kwa awamu, na kila shilingi yamkaribisha kwenye umilikaji. Yawezekana amekodi, naye atalipa miaka kumi bila kumiliki hata waya. Au amenunua mwanga tu, kama anunuavyo kusagiwa mahindi. Akiambiwa kwa ujumla kwamba amechukua kifaa, hana njia ya kujua. Ataulizana na mwenziwe siku taa zitakapozimika, na hapo huwa amechelewa.

Istilahi tunazopendekeza

Neno kidijitali limekwisha kukubalika, nasi hatuoni sababu ya kulipinga. Ila tangu kuzimwa kwa mitambo ya zamani ya televisheni, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wengi hulitumia kwa maana ya kitu cha kisasa, na analojia kwa maana ya kitu kilichopitwa na wakati. Katika istilahi lazima libaki na maana yake halisi: kitu kiwekwacho na kupelekwa kwa tarakimu.

Kuhusu mpango ambao kwao biashara hupata mapato, yametajwa maneno mtindo, mfumo, modeli na muundo. Mtindo huelekea mno kwenye mapambo na desturi, mfumo ni mpana kupita kiasi, na modeli kwa watu wengi ni toleo la gari. Twapendekeza muundo wa biashara, kwa maana hii: maelezo ya mteja apewacho, kipimo cha malipo yake, na mtu ambaye chombo hubaki mali yake.

Kwa mabadiliko ya kiwanda kutoka kuuza bidhaa hadi kuuza kazi ya bidhaa, twapendekeza uhudumishaji, kutokana na hudumu na hudumisha, yaani kuifanya bidhaa ihudumu. Umbo hili lafuata njia ile ile iliyotupatia ubinafsishaji. Tunakiri kwamba kitenzi chake kina kasoro: hudumisha huweza kusomwa kama dumisha yenye kiambishi cha mazoea, kama tusemapo kwamba haki hudumisha amani. Kwa sababu hiyo ni bora kutumia nomino, na pahitajikapo kitenzi, kusema waziwazi kugeuza bidhaa kuwa huduma.

Istilahi nyingine ni hizi:

Kipimo cha malipo: kitu kinachohesabiwa ili kujua deni, kama vile saa, kilo, nakala au uniti.

Malipo ya kadiri ya matumizi: malipo yafuatayo kipimo, bila kuhamisha umilikaji.

Ununuzi wa awamu: malipo ya vipindi ambayo mwisho wake ni mteja kumiliki chombo.

Kihisi: kifaa kitambuacho hali ya mashine na kuitolea habari.

Kufuli ya mbali: uwezo wa mwenye chombo kukizima au kukiwasha bila kukifikia.

Taarifa za uendeshaji: habari zote ambazo chombo hutoa kuhusu kazi yake. Tumechagua taarifa badala ya data kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kulitumia neno hilo. Tena hapa pana jambo la kuangaliwa: mita ijuayo saa ambayo jiko limewashwa yajua pia saa ambayo nyumba haina mtu. Taarifa za uendeshaji huweza kugeuka taarifa binafsi pasipo mwenye nyumba kutambua.

Mwisho

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kiliachiwa nafasi katika hali maalumu. Kwa hiyo maneno haya hayatabaki katika majarida tu. Yatasomwa mbele ya hakimu. Kwa maoni yetu kila mkataba wa namna hii ujibu kwa Kiswahili maswali matatu: Nalipia nini? Nalipa kwa kipimo gani? Nikimaliza kulipa, chombo ni cha nani? Istilahi isiyomsaidia mtu kuyajibu maswali hayo haijakamilisha kazi yake, hata ikiwa nzuri masikioni.

Tunawaomba wasomaji walio karibu na viwanda vya chai, mashine za mbao na maduka ya vifaa vya umeme wa jua wayakusanye maneno ambayo watu huyatumia huko kila siku, hata yale yanayodhaniwa kuwa ya mitaani. Yawezekana miongoni mwao limo neno lingine lenye nguvu kama luku.