Mfupa wa mtoto ungali unajengwa



Juma lililopita mama mwenzetu wa hapa Saio alikuja mkutanoni na mtoto wake wa miaka 9, mkono umefungwa plasta. Mtoto alianguka kutoka juu ya mti wa avoka. Sisi majirani tulisema, "Ameteguka tu." Akakandwa, akafungwa vijiti na vitambaa vilivyokazwa sana. Siku ya tatu vidole vilivimba, vikawa baridi. Hospitalini picha ilionyesha mfupa umevunjika karibu na kifundo cha mkono. Mbona sote tulikosea?

Jibu tunalo jikoni. Tukinunua kuku sokoni, tunaminya ncha ya kidari. Ikipinda, kuku ni mchanga. Ikiwa ngumu, amekomaa. Sehemu ile laini inaitwa gegedu. Mifupa yetu mingi nayo huanza kama gegedu. Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, ambavyo huungana hadi mtu mzima abaki na mifupa 206.

Mfupa si jiwe, una uhai. Una nyuzi zinazouzuia kukatika ovyo, na madini ya kalisi yanayoupa ugumu. Tupa mfupa motoni: nyuzi zinaungua, unabaki mweupe, ukiushika unavunjika. Ndani yake mna uboho, unaotengeneza damu.

Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kwa kawaida tabaka hilo hugeuka mfupa msichana akiwa na miaka 14 hadi 16, na mvulana 16 hadi 18. Kabla ya hapo ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo. Kwa hiyo anguko linalomtegua mama linaweza kumvunja mtoto. Lisipotunzwa vizuri, mkono unaweza kubaki mfupi au kupinda.

Basi tukumbuke:

- Kiungo cha mtoto kikivimba baada ya kuanguka, na hataki kukitumia, tusikande wala kuvuta. Tukitulize kwa kibao na kitambaa kisichobana, twende hospitali siku ileile.
- Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, tulegeze kitambaa mara moja, tukimbie hospitali.
- Tuwape watoto maziwa, sombe, na samaki wadogo wa Ziwa Albert wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Mtoto mchanga tusimfunike mchana kutwa: ngozi ikipata jua, mwili hutengeneza vitamini D, inayousaidia kuchukua kalisi. Ikikosekana, miguu hupinda matege.

Yule mtoto anaendelea vizuri, na vidole vyake vinacheza. Mama yake ametuomba tuandike haya, ili mwingine asingoje siku tatu.